Tonton, Maji ya Kule Yanaondoka

Mpendwa Tonton Saidi,

Kesho kutwa ni arobaini yako, na wamenipa nafasi ya kusema. Mwanao mkubwa, anayenihesabu dada yake, alinipigia simu: "Yaya Furaha, weye ulifanya kazi na papa, useme kidogo juu ya papa wa bureau." Nikakubali upesi, kama mtu anayekaribishwa chai. Halafu nikakaa na kalamu siku tatu, sikuandika hata mstari mmoja wa maana. Nimeona afadhali nikuandikie wewe, kisha niwasomee wao. Nikikuandikia wewe sitaweza kuruka kitu. Au nitaweza, maana nimekwisha kufanya hivyo mara moja, lakini tutafika huko.

Utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua, maana watakaokuwa wamekaa kwenye arobaini pale Koekelberg wengi wao hawakuwahi kuelewa tulikuwa tunafanya kazi gani. Hata mkeo, Maman Zainabu, alikuwa anasema tu, "Wako na chombo ya barafu." Tulikuwa watu wawili wa ziwa, wewe wa bandari ya Bujumbura, mimi wa Bukavu, na kazi yetu hapa Brussels ilikuwa kupeleka nyumba mahali ambapo hatujawahi kufika wala hatukuwa na hamu ya kufika. Bosi alikuwa na kampuni ndogo karibu na Porte de Namur, ghorofa ya tatu, lifti mgonjwa wa kudumu. Wazungu upande wa mbele walichora shule, zahanati na matangi ya mafuta kwa ajili ya vijiji vya Aktiki, upande wa Kanada. Sisi wawili, upande wa nyuma, tulihakikisha kila ubao na kila skrubu imefika.

Kule hakuna barabara, hakuna reli, hakuna gati. Meli inatoka Antwerp mara moja kwa mwaka, kiangazi, barafu ikiachia. Inatia nanga mbali, mizigo inashushwa kwenye matishari, yale maboti bapa yasiyo na injini, na boti ya tagi inayasukuma mpaka ufukweni. Mna majuma machache tu, kisha bahari inajifunga hadi mwaka unaofuata. Kilichosahaulika kimesahaulika. Ulikuwa unaniambia, "Mutoto, kule hakuna maduka ya Chaussée de Wavre. Ukisahau chumvi, utakula bila chumvi mpaka mwaka kesho."

Zaïre ilikuwa bado inaitwa Zaïre nilipokuja kwako kama stagiaire, mwanafunzi wa kazi. Umevaa pull mbili, sweta juu ya sweta, na kofia ya sufi ndani ya ofisi, radiateur inawaka mpaka dirisha linatoa jasho. Hukunisalimia vizuri, nikakuchukia papo hapo.

"Weye ni wa wapi?"

"Bukavu."

"Umeshaona barafu?"

"Ndani ya frigo."

"Bon. Mimi pia. Kaa hapo, tuanze."

Tukaanza. Na ninataka wajue jinsi ulivyofanya kazi, kwa sababu sijaona mtu mwingine akifanya hivyo, na nimekwisha kukaa na wataalamu wengi wenye kompyuta kubwa. Kabla ya kupakia meli ulikuwa unatujengesha nyumba nzima kwa mdomo. Unaweka viti viwili kwenye kolido. Wewe unakaa cha mwisho, karibu na choo: wewe ndiye fundi, uko ufukweni, una baridi, una haraka. Mimi nakaa cha mwanzo na karatasi zangu: mimi ndiye meli. Kolido katikati ndiyo maji.

"Nipe mbao za msingi," unasema.

Mimi natazama karatasi. "Ziko juu, upande wa mbele."

"Nimezipata. Nipe misumari yake."

"Iko… iko chini ya mabati ya paa."

"Ah. Basi minangoja."

Na kweli unangoja! Unakunja mikono, unafumba macho, unanyamaza kabisa. Wazungu wanapita kwenda chooni wanasema pardon, wewe hujibu, uko Aktiki, unangoja misumari. Mara moja uliningoja dakika ishirini nzima mpaka nikalia, nikarudi kwenye meza nikapanga upya meli yote. Siku ile nilikuita mzee mkaidi kwa Mashi, lugha ya kwetu, nikidhani husikii. Ukaniambia kwa Kifaransa kizuri kabisa kwamba ulikuwa na jirani Mshi miaka minane.

Nilijifunza hivyo. Kitakachotakiwa kwanza kiingie mwisho. Kwa kila bawaba mbili, ya tatu ya akiba. Kioo kisimame, kisilale. Saruji isikae karibu na kitu chochote chenye maji. Ulifurahi nilipokukamata wewe siku moja, umesahau mlango wa choo cha shule. Ulicheka mpaka ukavua kofia. Ukawaambia wote mlangoni kwa bosi, "Huyu mutoto ataniondoa hapa." Nililala na furaha wiki nzima kwa maneno hayo. Leo sipendi kuyakumbuka.

Sasa nifike kwenye meli ya zahanati.

Wote watakaokuwa pale wanaijua kwa jina moja tu: bateau ya Tonton, meli ya mjomba. Wameiongelea kwenye harusi, kwenye bar, kwa kinyozi. Wanachosema ni kwamba Saidi alipiga hesabu vibaya, meli ya Wazungu ikarudi na mizigo, akafukuzwa kazi. Walikuita capitaine. Ulicheka nao. Mimi nilikuwa nakaa palepale, glasi ya Fanta mkononi, na mimi nikicheka kidogo.

Mpango wa meli ile niliufanya mimi. Ulikuwa wangu wa kwanza kupanga peke yangu, na ulinipa mwenyewe, kwa sababu ulinionea fahari. Zahanati ya vyumba sita, katika kijiji ambacho wanawake wajawazito walikuwa wanapandishwa ndege mwezi mzima kabla ya kujifungua, kwenda kuzalia mbali kusini, kati ya watu wasiojua lugha yao. Zahanati ile ilikuwa ya kukomesha hayo. Hukuacha kunikumbusha. "Hii si depo ya mafuta, Furaha. Hapa kuna bamama."

Shehena ilitaka safari thelathini na sita za tishari. Kiangazi kule jua halizami, watu wanaweza kufanya kazi saa zote ishirini na nne. Nikapiga: safari kumi na mbili kwa siku, siku tatu, imekwisha. Tukakaa kwenye kolido, tukaijenga kwa mdomo kuanzia msingi hadi kitasa cha mlango, na sikukukawiza hata mara moja. Ulisimama ukanipigia makofi. "Douze kwa siku, siku tatu, trente-six. Meli inaondoka siku ya ine. Impeccable." Ukatia sahihi yako. Meli ikaondoka Antwerp.

Siku ya tatu baada ya meli kuondoka, faksi iliingia. Ulikuwa umetoka kwenda kula. Ilitoka kwa msimamizi wa kule ufukweni, mtu wa kijiji kile kile. Kifaransa chake kilikuwa cha kuvunjika kama changu cha wakati ule, lakini kilieleweka. Aliandika kwamba ameona safari kumi na mbili kwa siku kwenye mpango wetu na hajui tumepangaje. Hapa kwetu, aliandika, maji yanaondoka. Mara mbili kwa siku bahari inarudi nyuma mbali sana, inaacha matope na mawe, na tishari haliwezi kufika. Mkibahatika, safari nne kwa siku. Mmetafuta tagi ya pili na matishari mengine? Kama bado, nijibuni.

Nilisoma nikasimama tu pale mbele ya mashine. Maji yanaondoka! Mimi maji yangu ni Kivu. Nimeogea pale, nimefua pale, jiwe la mama la kufulia lilikuwa hatua mbili kutoka majini asubuhi na hatua mbili jioni, na hatua mbili mwaka uliofuata. Nilijua kwa masomo kwamba bahari inajaa na kupwa, nilipata hata alama nzuri kwenye mtihani. Lakini mtu hapangi kwa mtihani, anapanga kwa maji aliyokulia. Na wewe vilevile, na Tanganyika yako. Tulikaa watu wazima wawili kwenye kolido, tukaweka maji katikati yetu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba yanaweza kutuacha.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema tulikosa sote wawili, tuliteleza kwa sababu ya maji ya kwetu, basi. Watu wangecheka, na mimi ningecheka. Lakini mimi nilikuwa na faksi mkononi.

Nilipiga hesabu upya kabla hujarudi. Safari nne kwa siku, siku tisa. Kapiteni alikuwa na siku tano tu kabla ya kuelekea kijiji kingine. Meli ilikuwa bado na majuma mawili na zaidi ya kusafiri. Tungeweza kufanya mengi, Tonton, wewe unajua kuliko mimi. Kampuni nyingine ilikuwa na tagi kwenye ghuba ya jirani, ulikuwa unamjua mtu wao kwa simu, mlikuwa mnaulizana habari za watoto. Ungepiga simu mbili, ungefoka kidogo, ungepata. Ndivyo ulivyokuwa.

Ukarudi kutoka kula, na mkate wangu wa dagaa mkononi, maana ulikuwa huniachi na njaa. "Kuna habari?" ukauliza.

"Hakuna," nikasema.

Wiki iliyofuata nilikuwa na rendez-vous komini, ofisi ya mtaa, kwa ajili ya karatasi zangu za ukaazi. Nilihitaji barua ya bosi kwamba ananiajiri kweli, si stagiaire tena. Barua ilikuwa mezani kwake inangoja sahihi. Niliona wazi: akijua kwamba mpango wangu wa kwanza una shimo la namna hii, hatatia sahihi, na mimi nitarudishwa, na kwetu wakati ule hakukuwa mahali pa kurudishwa. Hiyo ndiyo sababu. Naisema ilivyo, siisemi ili inioshe. Niliikunja faksi mara nne, nikaitia kwenye mkoba, nikaipasua nyumbani. Kila siku nilijiambia kesho nitamwambia Tonton. Barua ya bosi ikasainiwa, karatasi zikatoka, nikanunua viatu. Meli ikafika kule.

Yaliyobaki unayajua. Siku tano, safari ishirini. Kwa kuona safari kumi na mbili kwenye mpango, kapiteni alidhani ofisi imepanga tagi ya pili. Alipoikosa alijitahidi, kisha upepo ukageuka, barafu ikaanza kuingia ghubani, akang'oa nanga. Paa, madirisha na boila ya kupasha nyumba joto vikabaki ndani ya meli, vikarudi Antwerp. Kuta za zahanati zilisimama bila paa baridi yote. Tuliletewa picha, unaikumbuka: theluji imejaa vyumbani hadi usawa wa madirisha. Uliiangalia muda mrefu, ukaigeuza ukaiweka kifudifudi mezani. Wanawake wakaendelea kupandishwa ndege mwaka mmoja zaidi.

Bosi alituita. Aliuliza nani aliyepanga. Nilifungua mdomo, na ninataka kuamini kwamba ningesema, lakini wewe ulikuwa umekwisha kusimama. Ulisema sahihi ni yako, kwa hiyo mpango ni wako, na la petite, yaani mimi, haiko ndani. Ndivyo ulivyosema. Nilitazama viatu vyangu vipya.

Ukaondoka na pull zako kwenye mfuko wa plastiki. Nikapewa kiti chako. Mwaka uliofuata nilipeleka paa na boila, na majedwali ya maji nimeyashika kichwani hadi leo. Dada mmoja wa Tanga ninayemjua pale Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, alicheka sana aliponisikia. "Kupwa na kujaa hamjui? Na bamvua je? Ninyi ni Waswahili wa wapi?" Nikamjibu wa milimani. Zahanati ikafunguliwa. Wakatutumia picha ya mtoto wa kwanza kuzaliwa pale, amefungwa kama mkate, na uso mwekundu wa hasira. Nilitaka kukuletea. Niliiweka kwenye droo. Ningekuleteaje picha ile bila kuzungumza?

Wewe ukaenda kusukuma matoroli ya nguo chafu kwenye nyumba ya wazee. Mtu aliyejua kupakia meli nzima kichwani! Kila Jumapili nilikuja kwenu, Maman Zainabu akapika, ukaniuliza habari za meli, nikakueleza, ukanisahihisha. Hukunionyesha uchungu hata siku moja, na mimi mjinga nikadhani basi huna.

Halafu hospitali. Ilikuwa mchana, nimekuletea isombe ya majani ya muhogo kwenye bakuli, ukaonja vijiko viwili kwa heshima. Ukaniambia nisogeze kiti.

"Furaha, unajua nilikosea wapi ile bateau?"

Nikaanza kufunika bakuli.

"Nimefikiri sana. Mimi na weye tuko watu wa ziwa. Maji ya kwetu inalala pahali yake. Lakini weye ulikuwa mutoto. Mimi nilikuwa mukubwa, nilipaswa kuuliza mutu wa kule. Mutu mumoja tu. Angeniambia."

Tonton, mtu wa kule alikuwa amekuambia. Alituma ujumbe wake kwa njia ya kawaida, kwa wakati wake, kwa maneno yanayoeleweka, na mimi niliupasua. Ulikuwa umelala pale unajilaumu kwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo kwenye mkoba. Nilikuwa na nafasi. Muuguzi aliingia na sahani, akatoka, na nafasi ilikuwa ingali pale. Nikakuambia kwamba metro ilikuwa imechelewa. Siku sita baadaye mwanao akanipigia simu.

Siku ya mazishi mzee mmoja aliomba dua nzuri, kisha akaongeza, kwa moyo mwema kabisa, "Na ile makosa yake ya bateau, Mungu amusamehe." Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, yo! Mdomo wangu mwenyewe. Maman Zainabu aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba ana aibu. Ana aibu kwa ajili yako, mbele ya watu, kwa kosa ambalo hukulifanya. Hapo ndipo nilipochoka kujilinda.

Jumatatu niliingia kwa bosi nikamweleza yote, tangu faksi. Alisema dossier ile ilifungwa zamani. Nikamwambia aifungue. Nikamwomba aandike kwa familia yako kwamba ulionewa. Aliniangalia kama mtu asiyenijua, akasema atafikiri. Bado anafikiri. Akinifukuza, nitakwenda; nyumba ya wazee bado inatafuta watu, nimeuliza.

Na jana nilikwenda kwa Maman Zainabu. Sikutaka asikie kesho kutwa pamoja na watu wote, ningekuwa mwoga mara ya pili. Alikuwa jikoni anachambua mchele wa arobaini. Nilimsomea barua hii mpaka pale pa hospitali. Alichambua, alichambua, mpaka mchele wote wa sinia ukaisha, ndipo akainua uso.

"Kila sala, Furaha. Miaka mitatu. Alikuwa anamaliza sala, anabaki chini, anaomba Mungu amusamehe juu ya wale bamama wenye mimba. Magoti inamuuma, namwambia inuka, anasema bado. Na weye ulikuwa unakuja Jumapili kukula."

Nikasema ndiyo.

"Bon," akasema. "Utasoma yote. Weye mwenyewe, umesimama, hapana mwingine. Na hapo pa magoti pia uandike, usiruke."

Nimeandika, Tonton. Msamaha ule uliokuwa unauomba chini, na magoti yanakuuma, haukuwa wako. Ulikuwa wangu. Pumzika sasa. Kuanzia leo nitauomba mwenyewe.

Mtoto wako wa kazi,

Furaha